Mtihani wa Mwalimu Marjan

Mdogo wangu Marjan Bakhit alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyeuweza: kusahihisha watu. Akienda sokoni Jinja, mama wa nyanya akamwambia, "Mzee, chukua nyanya hii, iko mzuri," yeye badala ya kuchukua alijibu, "Nyanya hizi ni nzuri, mama." Basi mama wa watu akazirudisha nyanya kwenye fungu na kumtazama kama mtu aliyemtukania ukoo. Siku tulipomzika jirani yetu Asadu, msemaji alisimama kaburini akatangaza kwamba watu yote walipenda yeye, na Marjan, udongo bado mkononi, akanong'ona, "Watu wote walimpenda." Nilimfinya mpaka akaruka.

Mimi ni dada yake mkubwa, Kadija. Nilimlea tangu mama yetu alipofariki, kwa hiyo nina haki ya kumsema, na nitamsema. Lakini wale maprofesa ninaotaka kuwazungumzia hapa sina udugu nao, hivyo wao nitawasema zaidi.

Sisi ni Wanubi wa Jinja. Babu yetu aliletwa na jeshi kutoka Sudani, na baba yetu alipiga ngoma katika bendi ya jeshi. Maisha yake yote hakushika silaha iliyozidi vijiti viwili. Lakini Uganda ukishaitwa Mnubi hakuna anayeuliza baba yako alishika nini, na ukifungua mdomo kikatoka Kiswahili, kesi imekwisha. Kwa watu wa umri wangu, Wasoga, Wagisu, Waganda, Kiswahili ni lugha iliyogonga mlango kwa kitako cha bunduki. Kilitukana watu, kikabeba redio zao, kikaondoka na waume zao. Sijawahi kusikia mwanamke wa Busoga aliyetongozwa kwa Kiswahili akakubali.

Serikali ya wanajeshi ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa, majirani walitukumbuka sisi kwanza. Tulikimbia na nguo za mwilini mpaka Bungoma, ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu wa Kenya. Na huko Marjan, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye suruali mbili, akakutana na Kiswahili kingine. Akakuta watu wanakitumia kuombea chumvi na kubembelezea watoto, na hata kugombania mpira. Akashangaa kama mtu aliyeambiwa kwamba mbwa wa jirani anayewang'ata kila siku anajua kuimba. Akaanza kusoma. Alisoma mpaka akafika Nairobi, akatoka na shahada ya Kiswahili, na bunduki za Kampala zilipobadilisha mikono kwa mara nyingine na wakubwa wapya wakatuambia wote turudi nyumbani, alirudi na shahada yake ameikumbatia kifuani.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa na watu wengine ndani. Mimi nikaja Mbale, nikakodi mahali mtaa wa Nabuyonga, nikaanza kupika chakula cha kuuza. Marjan akabaki Jinja katika chumba kimoja, akifundisha watoto wa wafanyabiashara wa Kiislamu ambao baba zao walitaka wajue kupatana bei na Wakenya. Alikuja kwangu mara kwa mara, na kila akija alileta hotuba ile ile.

"Dada, Kiswahili cha Uganda kimevaa buti," alisema. "Mimi nataka nikivue, kikae miguu mitupu nyumbani kama lugha za watu wengine."

"Kula," nilimwambia. "Chakula inapoa."

"Kinapoa."

"Kula, Marjan!"

Basi mwaka wa themanini na saba, vita bado viko Teso na Mbale imejaa watu waliokimbia na magodoro kichwani, tukasikia kwamba walimu wa chuo kikuu wanakuja kujadili mustakabali wa elimu ya juu. Wakati huo Mbale haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Walitaka kufungua tawi upande wetu wa mashariki, na katika mkutano huo wangeamua litafundisha masomo gani. Marjan akaandika maombi kwamba Kiswahili kiwe somo mojawapo na yeye awe mwalimu wake. Wakamjibu aje ajieleze.

Alikuja kunionyesha jibu hilo. Aliniambia, wakikubali nitakuwa na kazi niliyoisomea, katika nchi niliyozaliwa. Wakikataa nitarudi Bungoma na sitavuka mpaka huu tena. Nilijua hasemi kwa hasira. Shule zote alizozunguka zilikuwa zimemwambia jambo lile lile: Kiingereza ndiyo, hesabu ndiyo, lakini hiyo lugha ya kambini, bwana, wazazi watatuchomea shule. Na mimi sikuwa na ndugu mwingine aliyebaki hai, kwa hiyo mkutano ule ulikuwa wangu pia.

Walianza Jinja, kwa sababu Jinja kuna samaki. Marjan alikaa kwenye ngazi za hoteli akingoja kuitwa, na mlango ulikuwa wazi, akasikia yote. Asubuhi nzima walibishana kama mkutano wao uitwe kongamano au semina. Baada ya chakula wakauliza elimu ya juu iko juu ya nini. Halafu ukatokea ugomvi wa kweli: mwenyekiti wao, Profesa Kirunda, Msoga wa huko huko, alitaka tawi lijengwe Jinja, na wengine wakataka Mbale, mpaka meza ikapigwa ngumi. Mwishowe wakaamua kwamba kichwa cha tawi kitakuwa Jinja na kiwiliwili Mbale. Wasomi wakubwa kabisa wa nchi, wamekaa wakachinja chuo ambacho hakijazaliwa. Wakapigiana makofi, wakala samaki wa ngege wa kukaanga mpaka mifupa, na suala la Kiswahili wakalisogeza mbele, Mbale.

Mbale walipewa ukumbi wa shule pale Nabuyonga, na mimi nikapewa kazi ya kuwapikia. Jiko langu lilikuwa chumba cha pembeni chenye dirisha la kupitishia sahani, kwa hiyo niliwaona na kuwasikia kama niko nao mezani. Madirisha ya ukumbi vioo vyake vilikuwa vimekwenda na vita. Ungeweza kuona mlima wa Wanale wote, na maji yake yanavyoanguka kutoka juu, lakini walikaa wameupa mgongo. Mabenchi waliyokalia yalitolewa madarasani. Siku hizo watoto wa shule ile walisoma wamekaa juu ya matofali ili wakubwa wapate pa kuweka makalio wakiwaza hatima ya elimu.

Nisikilize vizuri: sichekelei umaskini wa mtu. Najua mishahara yao ilikuwa haitoshi hata sabuni, na kwamba daktari wa falsafa huko Kampala alikuwa anafuga kuku bafuni. Mwaka ule sukari ilikuwa inafichwa kama bangi. Nilipoona sambusa zangu zinaingia kwenye mifuko ya ngozi, zimefungwa ndani ya karatasi zenye maneno mazito ya Kiingereza, sikusema kitu. Njaa naijua. Lakini njaa haimlazimishi mtu kuongea kama walivyokuwa wakiongea wale. Mmoja alisimama akasema kwamba tupo katika njia panda. Wa pili akasimama akasema anakubaliana na mwenzake kuhusu njia panda, ila angependa kuongeza kwamba njia panda hiyo ni ya kihistoria. Wa tatu akauliza kama chai ina tangawizi, maana tangawizi inamsumbua. Hilo ndilo swali pekee lililopata jibu asubuhi ile, na nilijibu mimi.

Aliyenikera kuliko wote aliitwa Romano, mwalimu wa hesabu, mwenye tai nyembamba na sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo. Kila neno la Kiingereza alilitafuna kwanza ndipo akalitoa. Alipokuja dirishani kuchukua chai nilimwambia, "Karibu, bwana," akanijibu kwa Kiingereza kwamba haelewi lugha hiyo. Karibu! Hata Mzungu aliyeshuka leo kwenye ndege anaijua karibu.

Mwanamke kati yao alikuwa mmoja tu, Bi Nambozo, mwenyeji wa hapa hapa chini ya Wanale, aliyefundisha walimu namna ya kufundisha. Alikaa pembeni, kwenye ukuta, mbali na mlango, na alisema machache. Asubuhi nilimsalimia, "Habari za asubuhi, mwalimu," akageuza uso haraka kana kwamba nimemtemea mate. Nikajiambia, haya, na wewe nimekuona. Nikamweka kwenye fungu moja na Romano, na chai yake nikaipoza makusudi.

Zamu ya Marjan ikafika. Aliingia amevaa koti aliloazima kwa mshonaji, mikono yake imefika kwenye vidole. Akawasalimu kwa Kiswahili kile chake cha vitabuni, kilichonyooka kama mstari wa kitabu cha hesabu. Profesa Kirunda akainua kiganja.

"Samahani, bwana," akasema kwa Kiingereza, "tumia lugha ambayo wajumbe wote tunaielewa."

Marjan akakunjua karatasi zake. Akajieleza kwa Kiingereza, na Kiingereza chake hakikuwa kibaya, ingawa kilipwaya kama lile koti. Akasema lugha haina kosa, kosa ni la kinywa. Akasema majirani zetu wote wanaisoma, wanafanya nayo biashara, wanaandikiana nayo barua za mapenzi. Akasema watoto wa Uganda wataendelea kuiogopa mpaka siku watakapoisikia ikisemwa na mtu aliyeshika chaki. Mimi nilisimama dirishani na mwiko mkononi, nikiitikia kwa kichwa kila neno, hata yale nisiyoyaelewa.

Alipomaliza, Romano akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Mwenyekiti," akasema, kwa Kiingereza kile cha kutafuna, "mimi ni mtu wa hesabu, nitauliza swali la hesabu. Somo linahitaji wanafunzi, na wanafunzi wanahitaji msingi. Nani katika nchi hii, miongoni mwa watu waliosoma, anakijua hicho Kiswahili? Mimi sikijui hata neno moja."

"Hata mimi," akasema mwingine, na akasema kwa fahari.

"Nyumbani kwangu hakijawahi kuingia," akasema wa tatu.

Ikawa mashindano. Kila mmoja alisimama kujitangaza mjinga, na kila aliyemfuata alitaka kuwa mjinga zaidi. Sijawahi kuona wasomi wakigombea ujinga kwa bidii namna ile. Profesa Kirunda, kwa haki, akauliza kama kuna mjumbe yeyote, hata mmoja, anayekielewa Kiswahili, anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha. Bi Nambozo alikuwa ameinamisha kichwa.

"Basi unaona mwenyewe, bwana Marjan," akasema Kirunda. "Hatukatai. Msingi ndio haupo."

Marjan alisimama pale akiwaangalia. Mimi namjua, nilimwogesha huyo. Kuna ukimya wake wa kushindwa na kuna ukimya wake wa kuona kosa ambalo lazima lisahihishwe, na huu ulikuwa wa pili. Akakunja karatasi zake. Akatembea mpaka mlangoni, nikadhani anaondoka. Alipofika akaushika mlango akaubamiza kwa nguvu zake zote hadi plasta ikadondoka. Akageuka. Na kutoka katika kifua kile chembamba cha mtoto wa mpiga ngoma ikatoka sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

"Wote lala chini! Toa kitambulisho!"

Walilala. Mungu wangu, walilala! Mabenchi yalipinduka, vikombe vikaruka, na chuo kikuu kizima kikaenda chini kama gunia la mihogo lililokatika kamba. Profesa Kirunda aliingia chini ya meza ya mwenyekiti na kitambaa chake. Aliyesema Kiswahili hakijawahi kuingia nyumbani kwake alikuwa kifudifudi, viganja juu ya kisogo, miguu imeachana kama inavyotakiwa. Na Romano, mtu wa hesabu, asiyejua hata neno moja, alilala tumbo chini na mkono mmoja ameuinua, kitambulisho kimebanwa kwa vidole viwili, picha ikitazama juu. Hakuna aliyeuliza maana. Hakuna aliyeomba mkalimani.

Na mimi? Nilikuwa chini kabla ya mwiko.

Kisha Marjan akarudi kwenye sauti yake ya kawaida.

"Ahsanteni, mabibi na mabwana," akasema, kwa Kiswahili chake kile kile. "Sentensi mbili, na hakuna aliyekosa. Nadhani msingi upo."

Nilicheka. Nilicheka nikiwa nimelala sakafuni kati ya masufuria, machozi yakanitoka. Nilicheka kwa ajili ya karibu niliyokataliwa, na nyumba yetu ya Jinja, na ngazi za hoteli. Waliinuka mmoja mmoja, wakipangusa magoti, wakitafuta viatu, wakijifanya waliangusha kalamu. Walicheka pia, kicheko kile cha mtu aliyeteleza mbele ya wakwe. Profesa Kirunda alitokea chini ya meza, tai imehamia begani, na hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile Mungu alikuwa upande wetu, kwa sababu alifungua mdomo na kilichotoka kilikuwa Kiswahili.

"Bwana Marjan, basi, imetosha, tumekubari," akasema. "Hiyo mambo iko wazi. Sasa tupige kura. Wenye wanataka Kiswahiri, mikono juu."

Mikono juu! Alitamka hivyo, na ukumbi mzima ukanyoosha. Hakuna mmoja aliyebaki. Walisimama wamekodoa macho mbele, vidole vimenyooka, na Romano alinyoosha yote miwili. Nilipiga kigelegele. Nilipiga cha kwanza nikavuta pumzi ya cha pili, na katika nafasi hiyo ndogo tukasikia sauti kutoka upande wa ukutani, chini, nyuma ya benchi lililopinduka.

"Afande, usiingie kwa watoto. Wamelala."

Ilikuwa ya Bi Nambozo. Hakuwa ameinuka. Hakuna aliyekuwa amemtazama.

"Nakuja mwenyewe, afande," akasema. "Usivunje mlango. Nakuja."

Aliyasema polepole, kwa adabu, bila kukosea hata herufi moja, kama mtu anayesoma kitu alichokariri zamani na kukirudia mara nyingi. Mwanamke yule alikuwa na Kiswahili kizuri kuliko changu. Tangu nirudi Uganda sikuwa nimesikia Mgisu akikisema vile, na Marjan pia hakuwa amesikia, nilimwona usoni.

Mikono ikashuka. Profesa Kirunda akagundua kuna karatasi anayopaswa kuisoma. Mmoja akaanza kuokota vipande vya kikombe kwa uangalifu mkubwa, kimoja kimoja. Hawa walikuwa wenzake, walikuwa wamekula naye Jinja na kusafiri naye gari moja, na hakuna aliyeinama. Romano alisogea mpaka dirishani kwangu akaniuliza kwa Kiingereza kama chakula kitachelewa. Namshukuru Mungu kwamba mwiko ulikuwa sakafuni.

Marjan alimwendea. Alipomkaribia, yule mama akajikunja akafunika kichwa, akasema tena, "Nakuja, afande." Marjan akasimama palepale. Alifungua mdomo, na nikaona kwamba kila alichokuwa nacho mle, sarufi yake yote na miaka yake ya Nairobi, hakina neno hata moja ambalo angeweza kumwambia, kwa sababu yote yalikuwa Kiswahili. Akachuchumaa. Akaketi kabisa sakafuni na koti la watu, mbali kidogo naye, mikono wazi juu ya magoti.

"Mulembe, mayi," akasema.

Hiyo ni salamu ya Wagisu, maana yake amani, mama. Alijifunza kwangu Nabuyonga, kwa wateja wangu. Ndiyo Kigisu pekee alichokijua, kwa hiyo alikirudia. Mulembe, mayi. Mulembe. Alikitamka vibaya, kwa ulimi wa Kinubi, na hakuna aliyemsahihisha. Niliacha jiko nikaja na mikono yangu ya unga, nikakaa upande wa pili. Mimi Kigisu cha sokoni ninacho, nikamwambia uko shuleni Nabuyonga, ni mchana, mlima wako ule pale, watoto wako wazima. Sikujua kama ni wazima. Nilisema tu.

Baada ya muda alishusha mikono. Akatazama mlango, akatazama mabenchi, akamtazama Marjan. Aliomba maji. Nilimpeleka jikoni nikamkalisha karibu na makaa, nikamchemshia chai upya na kumwekea sukari yangu yote niliyoificha. Alikunywa, na mimi niliona haya kumtazama.

Marjan bado alikuwa sakafuni. Kirunda akakohoa.

"Bwana Marjan," akasema, amerudi kwenye Kiingereza, "hongera. Somo limepita. Kura zote, bila kupingwa. Tunahitaji tu maelezo yako ya masomo ya mwaka wa kwanza."

Marjan akainuka, akapangusa koti.

"Naondoa maombi yangu, Profesa."

"Unaondoaje? Tumekwisha kupitisha! Tumepiga kura!"

"Mlinyoosha mikono," Marjan akasema. "Si kitu kimoja."

Kirunda akawatazama wenzake. Nilidhani labda mmoja atasema neno, atasema hapana, tulikubali kweli, tulishawishika. Walikuwa wanatazama dirisha langu. Harufu ya pilau ilikuwa imeshafika.

"Sasa niandike nini?" Kirunda akauliza.

"Andika hakuna aliyeomba," akasema Marjan, na akatoka.

Nilimfuata mpaka nje nikamshika mkono wa koti. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia binadamu. Nilimwambia amelewa. Nilimwambia walistahili, hao walistahili kulala mpaka jioni, na kwamba mtu mmoja akilia haiwi sababu ya kutupa maisha yako kwenye mtaro. Nilimwambia, unakwenda Bungoma, unaniacha hapa na nani? Koti lilikuwa limechafuka mgongoni, na alikuwa akijaribu kulifikia pale palipochafuka asifikie. Nilimpangusa, huku namtukana.

Mkutano uliendelea. Walikula pilau, wakaishukuru kamati ya maandalizi, wakaazimia kukutana tena. Tawi halikujengwa, si kichwa, si kiwiliwili. Bi Nambozo aliendelea kufundisha, na akipita Nabuyonga huingia kwangu, tunasalimiana kwa Kigisu, na hatujawahi kuizungumza siku ile.

Marjan hakurudi Bungoma. Miezi ilipita, nikasikia kwa watu kwamba anaonekana kila asubuhi akienda kambi ya Kimaka, kwa askari. Sikuamini. Nilipanda basi mpaka Jinja kwenda kumgombeza, nikamkuta chumbani kwake ametoka kazini, chaki imemjaa mikononi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amewaendea wakubwa wao mwenyewe, akawaomba wampe darasa.

"Unawafundisha nini?" nikamuuliza. "Kiswahili ndicho walichotuletea hao!"

"Hodi," akasema.

"Hodi?"

"Kusimama nje ya mlango. Kusema hodi. Kungoja mpaka mwenye nyumba akukaribishe. Ndiyo somo lenyewe, dada, sijavuka hapo."

"Na wanajifunza?"

Marjan akafikiri, kwa haki, kama mwalimu anayetoa alama.

"Matamshi yao ni mazuri sana," akasema. "Tatizo, wanaisema wakiwa wameshaingia ndani."